Uzio wa Komunyo Alioujenga Babu Yako

Mwanangu Osmundi,

Naandika nikiwa karakana, mlango nimeufungua wote ili nitumie mwanga wa jioni uliobaki. Mama yako yuko ndani anakunja nguo zako kwa mara ya tatu. Nimemsikia akikukumbusha sweta na vidonge vya malaria, na kwamba usikae dirishani ukapigwa baridi kutoka hapa mpaka Kitai. Hayo namwachia yeye. Habari za kusali na kusoma nazo siziandiki, kwa sababu huko kwenye nyumba ya malezi utafundishwa na watu wanaozijua kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni refu kidogo, kwa hiyo kaa chini usome taratibu.

Linahusu ule uzio wa kanisani.

Tangu umalize kidato cha sita ukarudi nyumbani, umeniuliza zaidi ya mara moja, "Baba, uzio wa komunyo aliutoa nani?" Na mimi kila mara nimekujibu, "Ulitolewa wakati wa ukarabati." Sikusema uongo, lakini nilijificha. Ukarabati hauna mikono. Uzio ule niliukata mimi baba yako, kwa msumeno wangu, asubuhi moja, na nilijua ninachokifanya.

Wewe huwezi kuukumbuka, kwa hiyo nikueleze ulivyokuwa. Ulikuwa wa mninga, umekatiza mbele ya altare kutoka ukuta hadi ukuta, na katikati kuna kilango kidogo anapopita padre. Kimo chake kilifika juu kidogo ya kiuno cha mtu aliyepiga magoti. Ubao wa juu ulikuwa na upana wa kiganja, na kwa miaka mingi viwiko vya watu viliusugua mpaka ukang'aa kuliko msasa wowote ninaoujua. Wakati wa komunyo watu walikuja wakapiga magoti bega kwa bega, mwenye shamba kubwa na asiye na shamba, na padre akapita mbele yao mmoja mmoja. Babu yako aliujenga akiwa kijana, alipokuwa akijifunza useremala kwa bruda mmoja wa misheni. Haukuwa na msumari hata mmoja. Kila nguzo ilichomekwa kwenye tundu lake ikakazwa kwa kijiti cha mti.

Mwaka wa ukarabati wewe ulikuwa unajifunza kusimama kwa kushika vigoda. Paroko tuliyekuwa naye, ambaye alishahamishwa zamani, alileta mpango wa kulitengeneza kanisa upya: vigae sakafuni, altare isogezwe mbele iwe karibu na watu, tabernakulo inapotunzwa Ekaristi ihamie ukuta wa pembeni, na uzio utoke. Alitueleza sababu zake, na hazikuwa za kipuuzi. Alisema watu waione altare kama meza yao, wasijione wamefungiwa nje. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Songea na cheti changu cha ufundi, na wakanifanya katibu wa kamati ya ujenzi. Maneno ya padre niliyapenda sana. Niliyarudia kila mahali, tena kwa sauti kubwa kuliko yake.

Kwenye mkutano wa kamati babu yako aliomba kusema. Akasimama akiwa ameshika kofia yake.

"Sikatai," akasema. "Padre ndiye aliyepewa kanisa, na yeye akiona utoke, utoke. Naomba kitu kimoja. Nina safari ya kwenda kutibiwa macho. Nikirudi nipeni siku mbili, nitaufungua mwenyewe. Ukigonga kile kijiti cha kwanza upande wa kulia, wote unaachia. Mbao zitabaki nzima, mtazitumia kwa kitu kingine."

Kamati yote ikakubali, na mimi katibu nikaandika kwenye daftari kwamba tumekubali.

Akaenda hospitali. Siku iliyofuata nikachukua msumeno.

Watu waliponiuliza nilisema fundi wa vigae amefika mapema na hawezi kusubiri. Kweli alikuwa amefika, lakini angeweza kuanzia mlangoni. Sababu yenyewe nakuandikia wewe leo, sijawahi kumwandikia mtu mwingine. Nilichoka kuitwa mtoto wa fundi Adelhelmi. Kila mgeni aliyeingia kanisani alipelekwa mbele kuonyeshwa kazi ya baba yangu. Nilipotengeneza mlango watu waliupima kwa uzio ule. Asubuhi ile nilijiambia naitumikia parokia, kumbe nilikuwa nafuta jina la mtu.

Kile kijiti cha kwanza upande wa kulia nilikiona. Ningeweza kukigonga. Nikaweka msumeno kwenye viungo nikakata.

Babu yako alirudi Jumamosi, jicho moja limefungwa kitambaa. Alipita kanisani kabla ya kufika nyumbani. Ubao wake wa juu alioutengeneza kwa randa ya mkono ulikuwa umelazwa kwenye jukwaa la wapaka chokaa, umejaa saruji. Aliinama akaangalia mwisho wake kwa jicho lililobaki, akapitisha kidole.

"Umekata kwenye viungo," akaniambia. Halafu akaenda zake.

Kama mambo yangeishia pale, pengine ningekuwa na kitu kidogo cha kukuungamia. Kesho yake Jumapili nilikuwa msimamizi wa utaratibu, nimevaa utepe begani. Komunyo ikaanza, watu wakaja kwa mistari miwili wamesimama, kama tulivyowafundisha. Babu yako alipofika mbele, pale pale ulipokuwa uzio, akapiga magoti kwenye vigae vipya. Polepole, goti moja kisha la pili. Mstari ukasimama, mwanamke aliyekuwa nyuma yake na mtoto mgongoni nusura amwangukie, na watu wakaanza kutazamana.

Nikatoka pembeni nikamshika kwapani. "Mzee, simama. Siku hizi hatufanyi hivyo. Watu wanasubiri."

Nilimwita mzee. Baba yangu mzazi.

Nikamnyanyua, naye hakupingana nami. Hapo ndipo nilipojua amekuwa mwepesi kiasi gani. Padre alikuwa ameshika hostia mkononi, amebaki vile vile, naye hakujua la kufanya. Babu yako alisimama, akafunga mdomo, akageuka, akarudi akapita katikati ya kanisa zima bila kupokea.

Mchana ule mama yako aliniwekea ugali mezani akabaki amesimama. Unajua mama yako si mtu wa maneno mengi. "Baba Osmundi," akasema, "mimi nilitoka kwetu ziwani, kwa Waanglikana, nikakufuata kwenye kanisa lenu. Rozari sikuijua. Nyimbo zenu sikuzijua, watu wenyewe sikuwajua. Kitu kimoja tu kilifanana na cha kwetu, pale mbele nilipopiga magoti na kuegemea ubao. Nikifika pale najiona sijapotea. Hukuniuliza. Hukumwuliza mtu yeyote." Akatoka nje. Ugali ule sikuumaliza.

Baada ya hapo ulipita mwaka mzima na zaidi. Babu yako hakukosa Misa hata Jumapili moja, lakini alikaa benchi la nyuma kabisa, na komunyo ikifika alibaki amekaa. Tulikuwa tunaishi uwanja mmoja. Asubuhi nasema shikamoo, anasema marahaba, basi. Watu walimwambia ni mkaidi, na mimi niliwaachia waseme. Ilinipa nafuu.

Kisha baba yake mama yako akafariki. Tukashuka ziwani kuzika, na babu yako naye akaja, kwa sababu alikuwa mkwe mwenzake na walipendana. Njia nzima ya kuteremka milima alikaa mbele na dereva, mimi nyuma na wewe mapajani. Misa ya mazishi ilifanyika kwenye kanisa lao la Waanglikana, la mawe, karibu sana na maji, ukisikiliza unasikia mawimbi. Na mbele ya altare palikuwa na uzio. Wao hawakuutoa. Ubani ulifukizwa, kengele ikalia, na ndugu wa mama yako wakaenda mbele kupiga magoti.

Mama yako alikuwa amekaa na wafiwa, wewe ukiwa naye. Babu yako na mimi, Wakatoliki, hatukuweza kwenda, kwa maana kanisa letu haliruhusu kupokea kwao. Kwa hiyo kwenye benchi letu walipotoka wote tulibaki babu yako na mimi, na nafasi tupu kati yetu. Hapakuwa na pa kukimbilia. Tukatazama.

Mimi nilitazama uzio wao kama seremala. Ulikuwa na misumari, haukufikia wa baba yangu. Yeye alitazama watu. Baada ya muda akasogea karibu, akanong'ona, maneno ya kwanza marefu tangu siku ile.

"Mwangalie yule bibi wa kitenge cha bluu."

Nikamwangalia. Bibi alikuwa ameshapokea. Akaweka mikono miwili juu ya ubao, akaubana, akajivuta, akasimama. Aliyefuata akafanya hivyo hivyo. Kisha mwanamke mwenye mimba kubwa, naye akashika ubao akajiinua bila kumwomba mtu mkono.

"Mnasema ni ukuta wa kuwazuia watu," babu yako akasema. "Bruda aliniuliza nipige kimo gani. Nikamchukua mama yangu kanisani, alikuwa na miguu mibovu, nikamwambia piga magoti, sasa inuka. Pale mkono wake ulipotafuta pa kushika ndipo nilipopima. Ule uzio ni kimo cha mkono wa bibi yako."

Nilikuwa fundi mwenye cheti, nimeutazama uzio ule tangu utotoni, na kitu hicho sikukijua.

Baada ya maziko nilimfuata nyuma ya kanisa, ambako wanawake walikuwa wameanika vidagaa vya usipa kwenye vichanja na harufu yake ilikuwa kali. Nikamwambia, "Baba, nilikukosea. Nilikata makusudi, na nilikunyanyua mbele ya watu. Nisamehe."

Kisha akasema, "Kusamehe nilishakusamehe. Kinachoniweka benchi la nyuma si hasira. Nikipiga magoti, siwezi kuinuka peke yangu. Na nikipokea nimesimama, naona kama nimekusujudia wewe badala ya Bwana. Nimekosa njia."

"Nitakuinua," nikasema.

"Safari hii usubiri nimalize," akajibu, na akacheka. Sikuwa nimemwona akicheka kwa muda mrefu sana.

Jumapili iliyofuata, huku kwetu, nilivua ule utepe nikampa mtu mwingine. Nilimsindikiza mpaka mbele, akapiga magoti kwenye vigae, nami nikapiga kando yake. Akapokea. Alipokuwa tayari alinigusa mkono, nikamwinua. Tulifanya hivyo kila Jumapili mpaka alipofariki. Pengine unakumbuka ulikuwa unatufuata nyuma umeshika koti lake, ila hukujua ilianzaje.

Sasa nije kwako.

Nataka ujue kwanza kwamba katika hoja yako kubwa sikupingi. Ulipoanza kutuonyesha kwenye simu Misa za huko mbali, watu wamepiga magoti, kimya kimetanda, mama yako alitazama hadi mwisho na mimi pia. Umesema tumezoea mno, kwamba watu wanapokea Mwili wa Bwana huku wamegeuka kumtazama mpiga kinanda. Ni kweli. Umesema tabernakulo imewekwa pembeni kama kabati la vyombo. Neno lako lilikuwa kali lakini nami linanisumbua. Naamini katika goti, Osmundi. Naamini mwili nao unasali, na kwamba mtu asiyewahi kushuka chini mbele ya chochote hukauka moyo. Mambo haya nimeyajua kwa kuyapoteza, wewe umeyajua kwa kuyapenda, na labda njia yako ni bora.

Nikuambie pia kwamba wanaopokea wamesimama, na wanaopokea mkononi, hawavunji amri yoyote. Kanisa limewaruhusu. Hilo unalijua, umelisoma kuliko mimi. Unalijua kichwani.

Jumapili ya sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo nilikuwa mstari wa kulia, mtu wa nne. Wewe ulisimama kando ya paroko umeshika kisahani cha komunyo, mavazi yako yamepigwa pasi na mama yako, na nikajisikia fahari. Mbele yangu alikuwa Bibi Kandida. Yule anayeleta maua kila Jumamosi tangu kabla hujazaliwa. Aliyekufundisha ishara ya msalaba kwa kukushika mkono wako ndani ya wake, kwa sababu ulikuwa unaanzia begani. Alipanua viganja vyake. Ukamwinamia ukasema, taratibu, lakini nilisikia na waliokuwa karibu walisikia:

"Bibi, fungua mdomo. Mikono hiyo si ya kumshikia Bwana."

Aliitazama mikono yake. Ni msimu wa kahawa, ilikuwa myeusi kama ya kila mtu hapa, utomvu umeingia kwenye kila mfereji. Akaishusha, akafungua mdomo, akapokea. Paroko sidhani alisikia, alikuwa anatazama hostia.

Na mimi nilinyamaza. Hilo ni kosa langu jingine, na ni jipya. Niliisikia sauti yangu mwenyewe ikitoka mdomoni mwako, "Mzee, simama, siku hizi hatufanyi hivyo," na badala ya kukuita kando siku ile ile, nilijiambia ni kijana, ataelewa. Nilijiambia anakwenda kuwa padre, nisimvunje moyo. Ukweli ni kwamba kukukemea kungenilazimu kukusimulia haya yote, nami sikuwa tayari.

Mimi nilifukuza magoti, wewe umefukuza mikono. Nilikuwa na padre upande wangu na maneno mazuri, na wewe unayo mazuri zaidi. Lakini mtu aliyeondoka mbele ya altare ameinamisha uso ni yule yule.

Bibi Kandida hakuja Misa Jumapili iliyofuata. Wala ya pili. Ya tatu hata maua yake hayakuwepo, na watu wakadhani anaumwa. Wiki iliyopita, wewe ukiwa Songea kwa vipimo vyako, nikaenda kwake.

Nilimkuta ameketi nje, beseni mbele yake. Ndani ya beseni kulikuwa na maji ya jivu, na pembeni vipande vya ndimu vilivyokamuliwa. Alikuwa anasugua viganja kwa gunzi. Nilipomwamkia aliitikia akaificha mikono chini ya kanga, lakini nilikuwa nimeshaona. Ngozi ilikuwa imechubuka, sehemu nyingine imetoa damu.

"Bibi, unafanya nini?"

"Naitakasa," akasema. "Rangi ya juu imetoka. Hii ya ndani haitoki mpaka kahawa iishe. Nikichuma leo, kesho imerudi. Nimesema nisubiri msimu upite, ndipo nirudi kanisani."

Nikamwambia hakuna sheria hiyo. Nikamwambia mikono yake ni safi.

"Wewe ni fundi mbao," akasema, wala si kwa ubaya. "Yeye ndiye aliyesoma."

Nilipiga magoti pale uani, mwanangu, chini kwenye maganda ya kahawa, nikamwambia, "Bibi, naomba unisamehe, na umsamehe mwanangu."

Akaniambia, "Wewe nakusamehe, ingawa sijui umenikosea nini. Lakini usimwombee yeye. Ana mdomo wake."

Kisha akanitaka niinuke, na akaniuliza kama kweli unaondoka wiki hii, na kama umepata sweta.

Jambo la pili lililotokea ukiwa Songea ni mkutano wa halmashauri ya parokia. Ile barua yenu vijana ya kuomba uzio urudishwe ilisomwa yote. Paroko aliwaacha watu waseme. Mwenyekiti alisema tunarudi nyuma. Mama mmoja akasema goti analitaka, lakini akishuka nani atamwinua, miguu yake inavimba. Mwingine akasema vijana wanataka kututenga na altare. Kelele zikapanda, na nikaona wanaelekea kule kule tulikofika mwaka ule, upande mmoja ushinde na mwingine ukae benchi la nyuma.

Nikasimama. Nikawasimulia yote, kuanzia kijiti cha upande wa kulia. Wazee waliokuwepo waliyajua nusu, vijana hawakujua chochote. Nilipomaliza paroko aliniuliza swali la fundi: "Unaweza kutengeneza kitu ambacho anayetaka kupiga magoti atapiga na kupata pa kushika, na anayetaka kusimama atapita bila kujisikia amekatazwa?"

Nikasema naweza. Vipande viwili, kulia na kushoto, katikati wazi kabisa bila kilango. Hakuna atakayeambiwa aende wapi. Wakapiga kura ya mikono, na hata mwenyekiti alinyoosha wake, kwa kuchelewa kidogo. Suala la tabernakulo watalijadili siku nyingine, na nadhani utalikuta bado linakusubiri hata ukiwa shemasi.

Kipande cha kwanza kimeegemezwa ukutani hapa ninapoandika. Nimekijenga bila msumari. Sikuwa na hakika kama nitaweza, kwa maana baba yangu hakunifundisha viungo vile, sikumpa nafasi. Nimevisoma kwenye mabaki niliyoyakata mwenyewe, yale mawili matatu niliyoyakuta stoo ya parokia. Nimekosea mara nyingi, nimeharibu mbao nzuri, lakini sasa kinashika. Nimekikalia na hakilii. Nasema bila kujivuna kwamba ni kazi nzuri.

Utakuwa padre mzuri, Osmundi. Silisemi kukufurahisha. Una moto, na padre asiye na moto ni mzigo kwa watu. Ipo siku utapewa funguo za kanisa fulani mahali fulani, na utakuwa na uwezo wa kusema hiki kitoke na kile kiingie, na watu watakutii kwa sababu ya hilo vazi. Mara nyingi utakuwa sahihi. Siku hizo za kuwa sahihi ndizo ninazokuombea zaidi, maana mimi siku niliyowaumiza watu kuliko zote, nilikuwa na kibali cha padre na kumbukumbu za kikao kwenye daftari.

Nimeambiwa barua za namna hii mtu hupewa kituoni, basi likiwa limewasha injini. Hii nakupa sasa hivi, mkononi, nikimaliza kuweka sahihi, na nimejitahidi kuimaliza jua likiwa bado juu ya kilima. Nyumba ya Bibi Kandida unaijua. Usiende na mimi, wala usimchukue mama yako. Saa hizi ametoka shambani, amemwaga kahawa kwenye turubai, anachambua mbivu na mbichi peke yake. Mwamkie. Sema ulilonalo la kusema, kwa kifupi. Halafu usiondoke haraka, keti chini uchambue naye mpaka imalizike, hata kama vidole vitakuwa vyeusi na hutapata muda wa kuvisugua, na kesho kutwa utawasili kwa walezi wako ukiwa hivyo hivyo. Wakikusalimia, wape mkono.

Ni mimi baba yako,
Otmari